Maneno Niliyodarizi kwa Uzi Mwekundu

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja nikiwa bado mke mpya, naishi mtaa wa Makongeni na mume wangu Mutua, karani wa reli. Miaka ile ya tisini, nyumba isiyo na vitambaa vya viti ilionekana haina mke. Na kila kitambaa kilikuwa na neno lake: Karibu Mgeni, Mungu Ni Mwema, yale yale kila mlango. Mimi nikayachoka. Nikatoa barua alizoniandikia Mutua nikiwa msichana kwetu Machakos, nikachagua maneno matamu, nikayadarizi kwa uzi mwekundu kwenye vitambaa vyeupe. Usinicheke. Nilikuwa na maringo ya kupendwa.

Mutua akaingia kutoka kazini, akasoma kitambaa cha kwanza kofia ikiwa bado kichwani: "Moyo wangu umelala mlangoni pako, ukitoka usiukanyage."

"Nani huyu analala mlangoni pako nikienda kazini?"

Nikacheka mpaka machozi. "Si ni wewe! Hayo ni ya barua zako."

Hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kiti akitazama sakafu, kisha akatoka bila hata chai. Hapo kicheko kikanikauka. Kwa maneno hayo nilimkataa mchumba aliyechaguliwa na baba yangu, mtu mwenye ng'ombe zake. Leo aliyeyaandika hayajui?

Basi shuku ikaingia nyumbani. Nikajiambia aliwaandikia wasichana wengi, ndiyo maana amesahau. Nikaanza kunusa mashati yake. Akisalimiwa na mwanamke yeyote pale bombani, mimi namkagua huyo mwanamke kuanzia kitambaa cha kichwa hadi ndara. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawa najikumbusha. Naye Mutua hakunitazama machoni wiki nzima, ikawa kama kumwaga mafuta ya taa motoni.

Siku moja nikashika mkasi nifumue maneno yote, kisha nifunge virago nirudi kwetu. Mama Njoki, jirani yetu mzee, alikuwa amekuja kuomba makaa. Akanikuta nalia.

"Umemuuliza?" akasema nilipomweleza.

"Nimuulize nini? Nimeona mwenyewe."

"Wee! Umeona mtu amenyamaza. Wangu amenyamaza tangu tuoane, na nimezaa naye saba! Weka mkasi chini. Muulize kwanza, ndio ujue unalilia nini."

Jioni hiyo nikamuuliza mbona hakuyajua maneno yake mwenyewe.

"Sikuyatunga mimi," Mutua akasema. "Nilikaa chumba kimoja na kijana fulani hodari wa maneno. Yeye alitunga, mimi nikanakili tu, kama mtoto anavyonakili ubaoni. Niliogopa ungenikataa. Na sasa naogopa utaenda."

Mwanangu, niliumia! Kumbe nilimkataa mwenye ng'ombe kwa maneno ya mtu nisiyemjua hata sura. Nikasukuma kitambaa kitupu mbele yake. "Haya, leo sema yako. Nitayadarizi."

Akafikiri mpaka chai ikapoa ikafanya utando. "Andika... Umekula?"

"Hayo tu?"

"Ndiyo ninayokuuliza kila jioni. Hayo sikuazima kwa mtu."

Nikalia upya. Maana ilikuwa kweli: hata mwezi ule mshahara ulipochelewa na ugali ukawa kidogo, hakugusa sahani kabla ya kuniuliza. Nikayadarizi kwa herufi kubwa, nikayaweka kwenye kiti cha wageni. Watu walicheka sana, na mimi sikujali.

Basi sikia, wewe unayechumbia kwa simu, unatuma maneno uliyotumiwa na wenzako. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Sema yako, hata yakiwa mafupi. Na ukishuku, uliza mapema, kwa sababu kuuliza si ujinga. Mimi nilibakisha kidogo tu nivunje nyumba yangu kwa mkasi. Mungu akujalie mwenza anayetaka kujua kama umekula, nawe akujalie ulimi wa kumjibu kwa upole, mzeeke pamoja.