Mashine ya Kupita Mlangoni

Miaka yote aliyopika shuleni, wanafunzi walimwita Mama Sufuria, na alipostaafu jina likahamia naye mtaani. Hakulichukia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kufika darasa la mwisho bila kengele, na mikono iliyozoea mwiko wa ukubwa wa kasia. Vitu vidogo havikumkaa moyoni. Sabuni alinunua mche mzima, na akipika wali wa watu wawili, lazima jirani aitwe aje kusaidia kuumaliza.

Mume wake wa pili alikuwa fundi saa. Yeye naye alikuwa na jina lake: Dakika Moja. Kila mteja aliyekuja kuulizia saa yake alijibiwa, "Dakika moja tu, inaisha," hata kama saa yenyewe ilikuwa bado vipande vipande kwenye kisahani. Walioana watu wazima, mmoja mjane, mwingine mgane, watoto wa pande zote wameshajitegemea. Dakika Moja akahamia kwa mkewe na meza yake ya kazi, akaiweka chini ya dirisha la jikoni apate mwanga. Akiinua macho, anaiona bustani yote.

Bustani hiyo ilikuwa nyuma ya nyumba, imezungukwa na kuta za majirani pande tatu. Haikuwa na geti wala uchochoro. Ukitaka kufika, unaingia mlango wa mbele, unakatiza sebule, unafuata koridoo, unapita jikoni, ndipo unatokea kwenye mchicha. Kila ndoo ya mbolea ilipita mbele ya makochi. Mama Sufuria alilima vitunguu, nyanya, mchicha na karoti, na udongo wake ulikuwa mweusi, mzito, ule ukilowa unanata kama ulimbo na ukikauka unalia ukipigwa jembe.

Mwaka huo Dakika Moja akaanza kuona mambo kutoka pale dirishani. Mkewe alikuwa akilima kidogo, kisha anageuza ndoo na kuikalia. Anatazama kuta. Anainuka, anapiga jembe mara chache, anarudi kwenye ndoo. Kona ya mbali, iliyokuwa ya karoti, ilishaota magugu ya kufika magotini.

"Umeiacha ile kona?" akamuuliza siku moja.

"Nimeipumzisha," akajibu mkewe. "Ardhi nayo inachoka."

Dakika Moja hakubishana. Baada ya siku kadhaa, wakiwa wanakunywa chai, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Nimeona mashine ndogo za kulimia bustani. Unasukuma tu, visu vinazunguka, udongo unalainika."

"Mashine ya nini? Mikono yangu imeibiwa?"

"Hapana. Nimesema nimeona tu."

Lakini neno likishamwingia Mama Sufuria halitoki hivi hivi. Kesho yake akiwa anafua, akasema bila kugeuka, "Kama ni kununua mashine, tununue mashine ya maana. Siyo vitu vya kuchezea. Mdogo wangu ana pawatila, ule mtrekta wa kusukuma kwa mikono, kule shambani kwake, ikipita ardhi yenyewe inasalimu amri. Nitamwambia atuletee tuijaribu."

"Mke wangu, pawatila ya shamba kwa bustani hii?"

"Wewe umezoea kushika vitu kwa kibano. Niachie mimi."

Mdogo wake akaja Jumamosi na pikapu, pawatila imefungwa kamba nyuma. Alikuwa mkulima mchangamfu, mpenda sifa, ambaye hakuwahi kumkatalia dada yake chochote tangu utotoni.

"Shemeji, mashine hii hapa," akamwambia Dakika Moja. "Kazi ya wiki nzima, leo tunaimaliza kabla ya chakula."

Dakika Moja akautazama mlango, akaitazama mashine. Akaingia ndani kuchukua futi kamba.

"Acha kupima, tusukume!" mkewe akampigia kelele. "Mlango huu umepitisha kabati la mama yangu."

Mlango wa mbele ulikataa mpaka wakaung'oa kwenye bawaba. Sebuleni wakasogeza makochi na kukunja zulia. Mashine ikapita ikiacha alama za matairi sakafuni, ikaingia koridoni vizuri kabisa, Mama Sufuria akiivuta kutoka mbele kinyumenyume na wanaume wakisukuma kutoka nyuma. Ilipofika kwenye kona ya kuingia jikoni, ikagoma. Wakasukuma. Plasta ikamwagika. Wakavuta kurudi nyuma, mshikio mmoja ukawa umeshajichomeka kwenye fremu ya mlango. Mbele haiendi, nyuma hairudi.

Basi, mke akawa amebaki jikoni, mume na shemeji wako upande wa sebule, na pawatila iko katikati kama ng'ombe aliyelala njiani.

"Ninyi sukumeni, mimi nainyanyua huku," akasema Mama Sufuria. Akainama, akashika chuma kwa mikono miwili, akavuta pumzi na kunyanyua. Hapo hapo akatoa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia kwake, kasauti kembamba, kama ka mtu mwingine. Akaachia, akaegemea jiko huku ameshika bega la kulia.

Shemeji akaduwaa. Dakika Moja akamwomba aende akaombe spana kubwa kwa jirani, maana spana zake mwenyewe zote zilikuwa za kufungulia saa, hazikuweza kukamata hata nati moja ya ile mashine. Shemeji alipotoka, wakabaki wawili, wanatazamana juu ya injini.

"Tangu lini?" akauliza Dakika Moja.

"Nini tangu lini?"

"Bega."

Mama Sufuria akapangusa vumbi la plasta usoni. "Tangu shuleni," akasema mwishowe. "Mwiko ule. Nilidhani nikistaafu litapona. Sasa hata kuanika nguo linanisumbua."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Kwamba umeoa mke mbovu?"

"Mimi natengeneza vitu vibovu maisha yangu yote," akasema Dakika Moja. "Sijawahi kurudisha kimoja."

Mama Sufuria alitaka kukasirika, ikashindikana. Akaanza kucheka, akacheka mpaka bega likauma tena, akawa anacheka na kusema "Aisee, aisee" kwa wakati mmoja. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa upande wa jiko, akapika. Sahani zikapitishwa juu ya mishikio ya pawatila, na wanaume wakala wamekaa kwenye zulia lililokunjwa, shemeji akila kwa aibu na kwa hamu pia. Alasiri wakaifungua mishikio kwa spana ya jirani, mashine ikatoka, mlango ukarudi mahali pake. Shemeji akaaga akiahidi kuja kuziba plasta. Na kweli alikuja.

Baada ya hapo Mama Sufuria hakutaka kusikia neno mashine kwa siku nyingi. Dakika Moja akamwacha. Halafu asubuhi moja akamkuta mkewe amesimama koridoni na kipande cha kamba, anapima upana kutoka ukuta hadi ukuta.

"Usiseme kitu," akamwambia. "Vaa viatu twende."

Duka la zana za kilimo lilikuwa la mama mmoja mfupi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, na hakuwa na haraka ya kuuza. Walipoingia akawakaribisha viti, akauliza maswali kama muuguzi. Bustani kubwa kiasi gani? Udongo wa namna gani? Nani atakayeishika? Mtaiweka wapi?

"Nitaishika mimi," akasema Mama Sufuria. "Bega langu moja ni bovu. Itakaa jikoni, nyuma ya mlango. Na lazima ipite hapa." Akaiweka kamba yake juu ya kaunta.

Muuzaji akashusha miwani, akaitazama ile kamba. "Mama, umenirahisishia kazi. Watu huniambia wanataka yenye nguvu. Nikiwauliza nguvu za kufanyia nini, hawajui."

Akawapeleka nyuma ya duka, ambako alikuwa na kipande cha ardhi cha kufanyia majaribio. Mashine ya kwanza ilikuwa ya petroli, ina magurudumu na visu nyuma. Nzuri, akasema, lakini ni ya mtu mwenye geti na eneo kubwa. Mama Sufuria akaitazama kwa huzuni kidogo, kama mtu anayepishana na mchumba wa zamani, akaipita. Ya pili nayo ilikuwa ya petroli, ndogo, ya kubebeka. Muuzaji akavuta kamba yake ya kuwashia, ikawaka. Dakika Moja akainamisha kichwa kuisikiliza, macho yakamng'aa.

"Inakohoa kidogo," akasema. "Lakini hiyo ni kabureta tu. Ningeifungua, ningeisafisha…"

Ya tatu ilikuwa ya umeme, nyepesi kuliko zote, mshikio wake unakunjwa katikati. Bei yake pia ndiyo ilikuwa ya chini. Mama Sufuria akainyanyua kwa mkono wa kushoto peke yake, akaitikisa, akaguna. "Hii? Hii si ya kupigia mayai?"

"Ijaribu," akasema muuzaji, akachomeka plagi.

Ikawaka, na mara ikaanza kurukaruka juu ya ardhi ngumu kama mbuzi aliyefunguliwa, ikimvuta mbele. Akaizima.

"Nilijua," akamwambia mumewe.

"Umeisukuma, mama," akasema muuzaji. "Hii haisukumwi. Unaizuia kidogo, irudi kwako, iuchimbe udongo pole pole. Na ardhi iliyokauka hivi mwagilia jana yake, isilowe tope, ilainike tu. Unapita juu juu mara ya kwanza, unarudi mara ya pili ndipo unazama."

Akawaonyesha upande uliomwagiliwa. Mama Sufuria akaishika tena. Safari hii hakutumia nguvu. Akaizuia, akaiachia, akaizuia, kama anavyofanya mtu anayekoroga sufuria nzito bila kutaka imrukie, na udongo ukaanza kufunguka mbele ya miguu yake, mweusi, wenye mabonge madogo madogo. Akafika mwisho, akageuka, akarudi. Bega halikusema kitu.

"Umeme ukikatika?" akauliza Dakika Moja.

"Mtakunywa chai mpaka urudi," akajibu muuzaji. "Ila angalieni waya, hilo ndilo la kuogopa. Kila mara uwe nyuma yenu. Na ukitaka kusafisha visu, chomoa kwanza plagi."

Dakika Moja bado alikuwa anaitupia jicho ile ya petroli. Akamvuta mkewe pembeni. "Ile nyingine ikiharibika naweza kuitengeneza mwenyewe. Hii imezibwa kila mahali, haina hata kitu cha kufungua."

"Ndiyo maana naitaka," akasema Mama Sufuria. "Saa yetu ya ukutani iko wapi?"

Saa ya ukutani ilikuwa kwenye kisahani tangu kipindi cha mvua.

"Ukinunua ile, itakuwa mezani kwako wakati wa kupanda, na wakati wa kuvuna itakuwa bado mezani kwako. Halafu ni ya petroli. Sitaki jikoni kwangu kunuke kama gereji. Hii naibeba mwenyewe, nawasha mwenyewe, nazima mwenyewe."

Dakika Moja akawaza, akakubali, na kwa kuwa ni mtu muungwana akakubali bila kununa. Ndiye aliyelibeba boksi njia nzima kurudi nyumbani. Walipofika sebuleni wote wawili wakapunguza mwendo bila kuambiana. Boksi likapita koridoni, likakata kona, likaingia jikoni bila kugusa ukuta.

Jioni wakamwagilia. Kesho yake asubuhi Mama Sufuria akafunga kitambaa kichwani, akachomeka plagi, na kazi ikaanza. Tatizo likawa waya. Ulikuwa unajizungusha kwenye miguu, unanasa kwenye miche ya nyanya, mpaka Dakika Moja akaacha meza yake, akaja kuushika. Akautupia begani, akamfuata mkewe hatua kwa hatua, anaunyoosha na kuuinua, kama mtu anayeshika shela la bibi harusi. Jirani wa upande wa kushoto akachungulia juu ya ukuta, akapiga vigelegele.

"Jamani, mnaoana tena?"

"Tunaoana na mashine," akajibu Mama Sufuria kwa ile sauti yake ya shuleni. "Na wewe usisimame bure, leta mbegu za spinachi ulizoniahidi."

Walilima matuta ya vitunguu, wakalima ya mchicha, wakapumzika, wakaendelea. Kwenye kona iliyoachwa ilibidi kwanza kung'oa magugu kwa mkono, na hapo Dakika Moja alipiga magoti akang'oa pamoja naye, akilalamika kuhusu kiuno chake, mkewe akimwambia kiuno hicho hakijalima hata mwaka mmoja. Mashine ikazama polepole kwenye udongo ambao haukuguswa muda mrefu. Ilinasa mizizi mara kadhaa. Wakazima, wakachomoa plagi, Dakika Moja akaitoa mizizi kwenye visu kwa kibano chake cha saa, akifurahia kazi hiyo kuliko alivyotaka ionekane.

Jua lilipokuwa kali, bustani yote ilikuwa imelimwa. Mama Sufuria akavua ndala, akaingia katikati ya kona ile, miguu ikazama hadi vifundoni. Udongo ulikuwa wa vuguvugu juu na baridi chini. Akasimama hapo muda, hana haraka ya kwenda popote.

"Tupande karoti," akasema.

"Nusu karoti, nusu maua," akasema Dakika Moja.

"Maua yanaliwa?"

"Hayaliwi. Mimi ndiye ninayekaa dirishani siku nzima."

Mama Sufuria akafikiri. Kisha akachukua kijiti, akachora mstari katikati ya udongo mpya, akaupinda kidogo upande wa karoti ili maua yapate nafasi kubwa zaidi, akaingia ndani kuosha miguu.