Herufi J ya Mjomba Seif

Mwaka 2004 mjomba wangu Seif alinipigia simu gereji kwangu, Unguja, akasema tiketi yangu ya kwenda Maskati iko tayari. Hakuwa mgonjwa wala hapakuwa na harusi. Binti yake Zuwena alikuwa ameanza kazi wizarani na anataka gari, na Mjomba hamwamini fundi asiyekuwa damu yake. Safari ya bure nani aikatae?

Al Khuwair, mtaa wa Mjomba huko Maskati, asubuhi ya kwanza. Kabla sijamaliza chai nilielezwa sharia ya nyumba. Wajapani siku hizi wanajenga magari yao kila pembe ya dunia, lakini Mjomba anataka lililotoka Japani kwenyewe. Rafiki yake wa msikitini, Mzee Nasor, kamfundisha: namba ya chesisi ikianza na J, la Japani, ikianza na sita, la Australia.

"Zuwena kachagua la sita. Haliingii uani kwangu, wallahi!" Mjomba akaapa.

"Kaka Issa, gari ni lile lile," Zuwena alininong'oneza. "Na miye nshachoka kuomba lifti kwa watu."

Saa nne, duka la magari. Nilikagua magari kumi na moja ya aina aliyoitaka Zuwena. Namba zote zinaanza na sita. Muuzaji, akidhani nimetumwa na serikali, alituletea kahawa na halua. Mjomba akala halua, magari akayakataa. Zuwena alirudi nyumbani macho mekundu.

Ijumaa, njia ya mji wa Qurayyat. Tulikwenda kumwamkia mama mkubwa Zuleikha, dada yake Mjomba na mtu pekee ambaye Mjomba humwogopa duniani. Tulipanda gari la Mjomba, jeupe, la miaka saba. Milimani kote alilisifu.

"Unasikia mlio huo, Issa? Mlio wa Japani!"

Mimi nilisikia mkanda uliolegea.

Qurayyat, baada ya chakula. Nilifungua boneti nikaze mkanda. Kibati cha namba ya chesisi kilikuwa kimefunikwa na grisi, nikakipangusa. Sita. Nikapangusa tena, huenda grisi imeila J. Sita ile ile! Nikakifunika kwa tambara, maana nilimwonea huruma, na tiketi yangu ya kurudi ilikuwa mfukoni mwake.

Mjomba akaja na watu wote. "Msomee Zuwena namba hiyo, aijue J ilivyo."

Nikaondoa tambara. "Sita, Mjomba."

Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Wameibadilisha," akasema.

Mama mkubwa alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Seif! Wewe umezaliwa Kikwajuni ya Unguja, umelelewa Kikwajuni, na hapa wajiita Mmanga wa asili wa Oman. Nani kakufungua boneti?"

Njia nzima ya kurudi Mjomba aliendesha polepole, akiusikiliza mlio. Tulipoingia Al Khuwair aliupapasa usukani wa gari lake. "Miaka saba," alisema taratibu, "halijanilaza njiani hata siku moja. Kesho turudi dukani."

Wiki iliyofuata, uwanja wa ndege. Zuwena ndiye aliyetupeleka, kwenye gari lake jipya la sita, akiringa kila taa nyekundu. Nami nilikuwa nimejifunza: fundi akiitwa kukagua gari la dukani, aanze na la mwenyeji.

Tulipokuwa tukiteremsha begi, Mzee Nasor alitokea, anampokea mgeni wake. Akalizunguka gari.

"Mashaallah, Seif! La Japani kwenyewe?"

"La Kikwajuni," alijibu Mjomba, akanibebea begi.