Niliijaza Bastola ya Marehemu, Binti Yangu Akapoteza Mguu

Rafiki yangu unayesoma, haya yote, mpaka ya moyoni, sijamwambia hata mzee wa kanisa wa jumuiya yetu. Wewe nakuambia. Kosa ni langu mimi. Simsingizii shetani, simsingizii mtu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, nipo huku Karatu, naimba alto kwaya ya kanisani. Kusoma nimesomea ukubwani, madarasa ya jioni, kwa hiyo nivumilie. Ukiona naandika kama mtu asiyeumia, ujue ni kwamba machozi yameisha. Sisikii kitu.

Mume wangu alikuwa fundi magari. Zamani aliendesha wawindaji kule Loliondo, na huko ndiko alikotoka na ugonjwa wa bastola za kizamani. Siyo hizi ndogo. Ni zile kubwa za magnamu, zenye kikombe cha risasi kinachozunguka, ambazo wawindaji walivaa kiunoni ili nyati akiwageukia wawe na silaha ya mwisho. Alikuwa nazo mbili zenye kibali. Ya tatu aliinunua kwa mzungu mmoja mzee wa mashamba ya kahawa. Kibali akasema atafuatilia. Hakuwahi.

Jumamosi tulikuwa tunashuka nazo korongoni, kwenye shamba letu la Endabash, tunalenga madebe kwa risasi. Mwanzoni nilikuwa naziba masikio naita damu ya Yesu. Siku moja nikajaribu. Jamani, nikapenda! Mikono inarushwa juu, kifua kinatikisika, debe linaruka kule! Mume wangu akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama Neema, mchungaji akikuona hivi, hakuna atakayechelewa ibada tena!"

"Na mafundi wenzako wakijua mkeo anakushinda shabaha?"

"Wee! Hiyo usiwaambie."

(Neema siyo jina lake la kweli. Ni binti yetu wa pekee.)

Kitu kimoja alikuwa hakifanyii mzaha. Bastola ile ina matundu sita, lakini yeye aliweka risasi tano tu. Tundu lililo mbele ya nyundo liliachwa tupu. "Hizi za zamani hazina kizuizi," alikuwa ananiambia. "Ikidondoka ikapigiza nyundo, inalia yenyewe. Hii siyo sufuria ya ubwabwa, mke wangu. Usijaze."

Presha ikamchukua. Baada ya matanga mdogo wake akaniita pembeni: "Shemeji, silaha za kaka turudishe polisi, tusije tukaingia kwenye kesi." Nikatoa mbili. Ile ya tatu hakuna aliyeijua. Nikaizungushia kitenge, nikaificha chini ya magunia ya mbegu.

Utaniuliza kwa nini. Tangu tumzike nilikuwa kama gogo. Watu wananipa pole, naona midomo inacheza tu. Chakula hakina ladha. Ila nikishuka korongoni nikapiga, kile kishindo kilikuwa kinanipita kifuani, nahisi bado nipo. Majirani wakiuliza, nasema nafukuza tembo wanaoshuka kutoka msituni kula mahindi. Hata kwenye maombi nilikuwa nasema hivyohivyo. Nilimdanganya Mungu, jamani!

Jumamosi ile zilibaki risasi sita za mwisho. Nikaweka tano, moja ikabaki mkononi. Nilitakiwa nipige, halafu nipitilize kwenda mazoezi ya kwaya. Nikaona aibu kuingia kanisani na risasi mfukoni. Ndiyo hivyo tu! Nikaijaza kwenye lile tundu la sita, nikafunga, nikaizungushia kitenge, nikaiweka kwenye kapu chini ya joho la kwaya.

Nilikuwa nafunga mlango. Neema akasema, "Mama, lete nikusaidie," akalinyanyua kapu. Mkono wa kapu ukachomoka. Kikaanguka kile kifurushi kwenye ngazi ya saruji.

Ikalia.

Neema hakupiga hata kelele. Aliuangalia mguu wake chini ya goti, kisha akaniangalia mimi, kama mtu anayeuliza njia.

Sasa sikia kosa kubwa zaidi. Bajaji ilikuwepo, hospitali siyo mbali. Lakini nilijua jeraha la risasi halitibiwi kimyakimya, watataka PF3, ile fomu ya polisi, polisi watauliza silaha iko wapi. Nikamfunga kwa kanga, nikampeleka kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi zahanati, anatibia watu nyumbani kwake.

Akafunua, akafunika. "Dada, hii siyo yangu. Mpeleke hospitali."

"Mzee wangu, safisha tu. Nakuomba kwa jina la Yesu."

Kwa jina la Yesu, nilisema! Akasafisha. Nikarudi na mtoto nyumbani. Neema mwenyewe akaninong'oneza, "Mama, nitasema nilijikata na plau." Nikamkubalia. Nikampikia uji, nikamwombea, nikasubiri, mpaka mguu ukabadilika rangi na kuanza kunuka.

Hospitali daktari alinisikiliza habari za plau hadi mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Mama, plau gani inaacha risasi ndani ya mfupa?"

Nikasema yote. Polisi pia nikawaambia, na bastola nikawaonyesha ilipo. Daktari akaniambia angeletwa siku ileile, pengine mguu ungepona. Wakaukata.

Kesi yangu inaendelea. Kwaya nimesimamishwa, sijalalamika. Yaani hata hilo sikulihisi. Juzi namsaidia Neema kuoga, akaniambia, "Mama nisamehe. Mimi ndiye niliyebeba kapu." Anaomba msamaha yeye! Nikaendelea kummwagia maji.

Mama mwenzangu, mumeo akiacha silaha, itoe wiki ileile. Usiifanye kumbukumbu. Kumbukumbu ni picha, ni koti lake. Na mtu akipigwa risasi kwa kosa lako, kimbia naye hospitali, kesi utaikuta huko mbele. Jela watu wanaingia na kutoka. Mguu ukishaondoka, umeondoka.

Naomba kitu kimoja. Kama kuna mjane unamjua, marehemu wake alikuwa na silaha, mpelekee haya. Usimuulize kama anayo. Mpe asome, halafu mwambie uko tayari kumsindikiza kituoni.