Kompyuta inamwita mwanangu kwenye chanjo, baba yake anataka kaburi lifunguliwe

Dada huyu ametuandikia kutoka upande wa Kabambare. Ameomba tufiche jina lake na la kituo anapofanya kazi. Msomeni hadi mwisho kwanza, ndipo mseme.

Nina miaka ishirini na tisa, ni muuguzi katika kituo kidogo cha afya huku ndani ya Wamaza, ambako pikipiki ikikwama kwenye tope unateremka na kutembea. Mume wangu anachimba dhahabu mbali na huja nyumbani anapoweza. Ndoa yetu ya kimila haijakamilika, kwa sababu ukoo wake haujamaliza mali, yaani mahari. Kwetu mtoto anayezaliwa katika hali hiyo huhesabiwa wa upande wa mama. Shikeni hilo, ndilo linaloniua leo.

Kituoni tuna kompyuta moja ya sola yenye programu ya chanjo. Kila mtoto ana faili lake humo, na siku ya chanjo ikikaribia, simu ya mzazi hupata ujumbe. Mwanangu alipozaliwa niliweka namba ya baba yake. Yeye mwenyewe aliomba, akasema akipanda kilimani kutafuta mtandao, angalau akute habari za mtoto wake.

Halafu wakubwa wakatuletea toleo jipya la programu. Ni katika kipindi hicho mwanangu alipokufa, kwa malaria iliyommaliza damu, akiwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Simu ya baba yake haikupatikana, na kwetu mtoto mchanga hasubirishwi. Tukamzika. Baba yake alifika amechelewa, akalia juu ya udongo, akarudi machimboni. Mimi nilirudi kazini, nikafungua faili la mwanangu kwa mikono yangu, nikaandika amefariki. Anayeingiza majina kwenye kompyuta ni mimi, nani mwingine angeandika?

Baadaye toleo jipya likaanza kukwama, ripoti hazitoki. Fundi akatumwa kutoka Kasongo. Akasema turudi kwenye toleo la zamani, ila la zamani haliwezi kusoma data zilizopangwa na jipya, hivyo atarudisha nakala ya akiba iliyochukuliwa kabla ya kubadilisha. Yote yaliyoandikwa baada ya hapo yatapotea, tutayaandika upya kutoka kwenye madaftari. Sote tukaitikia, mimi wa kwanza, maana ile programu ilikuwa imenichosha. Sikuwaza kwamba katika nakala ile mwanangu alikuwa bado mzima. Fundi akamaliza, akala ugali wake, akapanda pikipiki akaenda.

Nikaanza kuandika upya. Nilitanguliza vifo vya watoto wa wengine, ili wazazi wao wasipate ujumbe. Cha mwanangu nikakiacha, kila siku nikisema kesho. Kukiandika mara moja kulinitosha.

Kabla ya hiyo kesho, mume wangu akatokea bila taarifa. Hata maji hakuomba. Alinipa simu nisome. Palikuwa na jina lote la mwanangu, na umri wake, miezi tisa, aletwe kwa chanjo ya surua. Ndugu zangu, mwanangu hakufika miezi tisa. Mashine ilikuwa imeendelea kumkuza.

"Mutoto iko wapi?" akaniuliza.

"Papa, wewe mwenyewe ulimulilia pale kwenye kaburi."

"Nililia udongo. Mwili, nani alinionesha?"

Nilimweleza yote, toleo la zamani, toleo jipya, nakala ya akiba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kicheko kibaya.

"Mashini gani inafufua batu? Sema tu. Mujomba wako alisema mutoto ni wa kwenu mupaka tumalize mali. Mumemupeleka wapi?"

Ni kweli mjomba alisema hivyo, mimba ikiwa changa, na wote walicheka, mume wangu akiwa miongoni mwao. Nikampigia fundi mbele yake, nikaweka sauti kubwa. "C'est normal, mama," fundi akasema. "Ni restauration tu, ile kurudisha nakala. Uandike tena, itaisha." Kwake ni normal. Nilitamani simu ile ingekuwa na shavu nilipige kofi.

Mume wangu akasema, "Umesikia? Sasa ukiandika amekufa, mi nitajua umeandika kwa sababu nimewashika." Basi mkono wangu umefungwa. Nikiandika, nimeficha. Nisipoandika, ujumbe mwingine unakuja.

Ameapa kwamba Jumapili atakuja na kaka zake na jembe, kaburi lifunguliwe aone. Mjomba naye amesikia, akanijibu neno moja tu: "Jembe ikigusa pale, unarudia nyumbani, ndoa imeisha." Hakuna kati yao aliyeniuliza mimi, niliyemzaa na kumfunga sanda.

Nilimchukia mume wangu, sitawadanganya. Anaiamini kompyuta isiyojua hata sura ya mtoto kuliko anavyoniamini mimi. Lakini alipokwenda kuoga, nilitoa nguo zake kwenye mfuko ili nizifue, nikakuta chini yake viatu vidogo vipya, vya mtoto anayeanza kusimama. Amevibeba njia nzima ile ya tope. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye ni mzazi. Nilivirudisha palepale, nikafunga mfuko. Hajui kwamba nimeviona.

Ndugu zangu, habari za kompyuta msiniambie, ile najua nitaandika nini. Niambieni kuhusu jembe. Nikimzuia, atatembea na viatu vile maisha yake yote akimtafuta mtoto. Nikimwacha, nitamwona mwanangu akitolewa alipolala. Jumapili nisimame njiani, au nimpishe apite?