Nilitia Silinda Sita Kwenye Gari la Maharusi

Mimi ni mjinga, tena mjinga wa kujitakia. Sikulazimishwa na mtu, sikulewa, sikurogwa. Niliharibu kitu kizuri kwa mikono yangu mwenyewe, na leo nayasema ili mnicheke, maana ndicho ninachostahili.

Nimezaliwa na kukulia Mji wa Kale, hapa Mombasa. Marehemu baba alikuwa na Pijo la kale, jeupe, lenye mapazia kwenye vioo vya nyuma. Gari hilo lilikuwa na kazi moja tu inayojulikana. Binti wa mtaani akiolewa, awe wa tajiri au wa muuza mbaazi, baba alimpeleka ukumbini bure. Watu wa tarumbeta mbele, akina mama na vigelegele pembeni, gari katikati likitambaa kwa mwendo wa miguu. Bibi harusi nyuma ya pazia, amefunikwa gubigubi, haonwi na mwanamume hata mmoja.

Baba alipofariki, mama alinipa ufunguo. Dada yangu mdogo alikuwa bado hajaolewa, na tangu utotoni alikuwa akisema siku yake itakuwa ndani ya gari lile. Nikamwahidi!

Sasa sikieni upuuzi. Nikajiunga na kundi la wapenda magari, wale wanaokutana ufukweni Mama Ngina jioni za Jumapili. Mijitu mizima yenye wake na watoto, inafungua boneti na kuchungulia ndani huku inatafuna mihogo, kama kwamba kuna hazina humo. Mkubwa wao nitamwita Munir, bwana mmoja wa Ganjoni ambaye hajui kuongea ila kwa kupiga injini resi.

"Yakhe, gari lako lakohoa," akaniambia mbele ya watu. "Tia silinda sita, watu wakuheshimu!"

Wakacheka. Nami badala ya kuwapuuza, nikaona haya. Haya ya nini? Ya kuchekwa na watu ambao heshima yao iko kwenye ekzosi!

Munir akanipatia injini ya silinda sita iliyotolewa kwenye gari la saluni la Kijapani. Ilikuwa ndefu, haikuingia. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Sisi tukachukua msumeno. Tukakata ukuta wa bati unaotenga injini na abiria, tukaziba pengo kwa kipande cha bati na ribiti. Feni ikakosa nafasi, tukaitupa. "Upepo utaipoza," Munir akasema, nami nikaitikia kama kasuku. Injini ya baba tuliwapa watu wa vyuma chakavu, ikaenda kuyeyushwa.

Mama aliposikia muungurumo, alitoka mlangoni, mkono kiunoni.

"Mbio za nini?" akauliza. "Kwani bibi arusi yuwatoroka?"

Nilimcheka! Nilimcheka mama yangu mzazi, kisha nikaenda zangu Mama Ngina kutimua vumbi. Huko gari lilipaa, na upepo wa bahari ukalipoza kweli. Hakuna aliyefikiria kulijaribu kwa mwendo wa tarumbeta.

Ikafika siku ya dada. Alasiri, jua kali, vichochoro vimejaa watu. Dada nyuma na mama, mapazia yamefungwa, vioo vimepandishwa. Mimi kwenye usukani na kanzu mpya, nimejaa kiburi. Tarumbeta zikalia, tukaanza kutambaa.

Hatukufika mbali. Mshale wa joto ukapanda. Mbele watu, nyuma watu, huwezi kukimbia utafute upepo. Nikajiambia litafika tu. Mpira wa maji ukapasuka, kile kipande cha bati kikang'oka, na mvuke ukaingia ndani pamoja na maji ya kutu.

"Kaka, siwezi kuvuta pumzi!"

"Fungua mlango, mwanangu afa!" mama akapiga kelele.

Dada akaruka nje. Shela ilinasa mlangoni ikabaki huko. Akasimama katikati ya njia, kichwa wazi, nywele zimetengenezwa, uso umepambwa, gauni limerukiwa na kutu mpaka kifuani. Wapiga tarumbeta, wauza kahawa, wapita njia, wanaume wote wale wakamwona kabla ya mumewe. Akina mama wakavua leso kumfunika, lakini simu zilikuwa zimeshainuliwa.

Na unajua nani aliisambaza ile video? Munir! Akaiwekea na muziki. Kundi zima likacheka, lile lile nililokuwa nikiitafuta heshima yake. Sasa anatafuta silinda nane, na Mungu amsaidie apate, imkae kifuani.

Ndoa ilifungwa, alhamdulillahi, mume ni muungwana. Lakini mama aliniambia maneno ambayo nalala nayo, naamka nayo.

"Babako amewapeka ukumbini wana wa watu mtaa mzima. Wewe mmoja wako amekushinda."

Basi ndugu yangu, wewe mwenye gari la mzazi na rafiki wa kukutia maneno: kabla hujashika msumeno, jiulize lile gari lilikuwa likifanya kazi gani, na likiwafanyia nani. Usiwaulize watafuna mihogo. Kama wanakucheka, waache wacheke. Kicheko chao ni rahisi kuliko heshima yao.

Mwezi uliopita dada alijifungua mtoto wa kike. Nilikwenda hospitali kumchukua, kwa gari la kuazima, zuri, jipya. Akanisalimia kwa adabu zote, akaniuliza hali ya watoto, akanionyesha mtoto. Nikamwambia twende, gari liko nje. Akanishukuru sana, akamfunika mtoto vizuri, akaita tuktuk.