Mama Aliyeketi Darasa la Tatu

Habari za Nzilani zilifika kwenye lango la kiwanda yeye mwenyewe akiwa bado hai, zikaketi juu ya jiwe kumngoja mumewe.

Aliyezileta ni Wangeci, jirani yao wa Jericho. Alikuja Industrial Area mbio kwa miguu, leso kiunoni, unga wa chapati umemkaukia mikononi.

"Niitie Baba Mativo," akamwambia askari wa lango, akihema.

"Baba Mativo?" Abdiqadir akatikisa kichwa. "Hapa hatuna."

"Karani wa stoo. Mrefu, Mkamba, anakaa Jericho."

"Karani mrefu wa Jericho ni Baba Wayua. Mama, umekosea kiwanda. Jaribu pale ng'ambo wanakotengeneza mabati."

"Nimeambiwa ni sabuni."

"Wa sabuni, mtoto wake wa kwanza ni msichana. Ameniambia kwa mdomo wake."

Wangeci hakujua jina jingine la mwanamume huyo. Mtaani mtu huitwa kwa kifungua mimba wake, na kifungua mimba wa Maingi alikuwa Mativo. Alivuka barabara, akauliza kwenye mabati, akarudi, akaketi kwenye jiwe karibu na lango. King'ora cha saa ya chakula kilipolia, wafanyakazi wakamiminika nje, naye Maingi miongoni mwao, akicheka na wenzake.

"Baba Mativo!"

Aligeuka kabla ya kujizuia. Abdiqadir alimwona alivyogeuka.

"Mama Mativo ameanguka darasani! Mwalimu amempeleka hospitali kwa gari lake. Mimi niko hapa tangu asubuhi, wananiambia humo hamna mtu kama wewe!"

Maingi alipofika wodini, Nzilani alikuwa amefunikwa shuka mpaka usoni. Nesi akamtazama juu mpaka chini. "Ndiwe Baba Mativo? Mkeo amekuulizia sana. Alikuwa akitazama mlango tu." Kisha akamwelekeza kwa daktari. Daktari akasema ni moyo, na kwamba lazima ulikuwa ukimsumbua kwa muda mrefu. Je, hakuwahi kulalamika nyumbani? Nyumbani Nzilani alilalamikia jambo moja tu, na halikuwa moyo.

Jambo hilo lilikuwa shule.

Mativo alijua kusoma kabla ya umri wa kwenda shule, wala hakuna aliyemfundisha. Alisoma makopo ya mafuta, mabango ya barabarani, namba za nyimbo ubaoni kanisani. Ukimtajia hesabu, alikujibu akitazama ukuta. Lakini hakumsalimu mtu. Mgeni akimnyoshea mkono, alikimbilia uvunguni mwa kitanda. Ukimuuliza, "Jina lako nani?" alikurudishia, "Jina lako nani?" Kengele ikilia alipiga mayowe kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kanisani, ambako Maingi alikuwa shemasi, akina mama walinong'ona kwamba nyumba ile ina neno. Maingi alisikia. Tangu hapo Mativo akawa anaachwa nyumbani Jumapili, na ibadani alikwenda Wayua peke yake, mtoto wao wa pili, aliyejua kupiga goti na kuamkia wakubwa.

Mwaka wa kuanza shule ulipofika, Nzilani alimvalisha kijana shati jeupe akampeleka. Siku hizo kipimo kilikuwa kimoja: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, amekomaa. Asipolifikia, arudi mwakani.

"Shika sikio," mwalimu mkuu akamwambia.

"Shika sikio," Mativo akasema, mikono imelala pale pale.

Mwalimu mkuu akamkamata mkono aupitishe mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kumgusa Mativo kichwani, hata mamake alimnyoa akiwa usingizini. Kijana akapiga yowe, akaingia chini ya meza, na akiwa huko chini akaanza kusoma kwa sauti ratiba ya masomo iliyobandikwa ukutani, kwa Kiingereza, mstari kwa mstari.

"Umemsikia, Mwalimu?" Nzilani akasema. "Anasoma! Mpe kitabu chochote."

"Hata kasuku husema, mama. Darasa la kwanza lina watoto wengi hapa. Nikimchukua huyu, nani atawafundisha wengine? Mpeleke kwenu Kangundo akachunge mbuzi."

Jioni ile Nzilani alimwambia mumewe, "Kesho vaa suti yako ya kanisani twende wote. Mwanamume akizungumza, watasikiliza."

Maingi alikuwa akila. Hakuinua macho. "Nikaseme nini? Niseme huyu ni wangu?"

Nzilani alitoa sahani, akaosha vyombo, na hakumwomba tena.

Akawa anakwenda peke yake, mwaka hadi mwaka, shule moja baada ya nyingine. Za kawaida zilisema mtoto ana wazimu. Alijaribu zile za watoto wenye upungufu, akapewa kiti na chai, akaambiwa kwa upole: "Mama, si kiziwi, si kipofu, si kilema. Na hawa wetu wasioweza kusoma, huyu anawashinda. Kwetu hana mahali." Akarudi nyumbani mguu kwa mguu na mwanawe, ambaye njia nzima alisoma kwa sauti namba za magari.

Mumewe naye, siku alipoajiriwa kwenye kiwanda cha sabuni na wenzake wakamuuliza ana watoto wangapi, alijibu, "Mmoja. Wayua." Likamtoka jepesi kama mate. Petro alimkana Bwana kwa hofu ya kuuawa. Maingi alimkana mwanawe kwa hofu ya kuchekwa, na wala hapakuwa na jogoo wa kumwamsha.

Nzilani aliuza pojo na maharagwe karibu na soko la Jericho, Mativo akiwa nyuma yake juu ya gunia. Siku moja mnunuzi alifungiwa maharagwe katika karatasi ya gazeti. Mkono mdogo ukatoka nyuma ukaipokonya ile karatasi, maharagwe yakatawanyika chini.

"Sijamaliza," Mativo akasema, akaendelea kusoma habari za bei ya kahawa.

Mnunuzi hakukasirika. Alichutama, akasikiliza mpaka mwisho wa safu. Alikuwa mwalimu, jina lake Lusweti.

"Huyu yuko darasa la ngapi, mama?"

"Hayuko."

"Kwa nini?"

"Alikataa kushika sikio."

Lusweti akacheka mpaka akashika tumbo, kisha akaona kwamba mama hacheki, akanyamaza. Wiki hiyo hiyo alimsemea kijana shuleni kwake. Mwalimu mkuu wake alikubali kwa sharti moja: mzazi aketi naye darasani kila siku, mpaka atulie. Siku mzazi asipokuja, mtoto naye asije.

Basi Nzilani alimwachia dadake kibanda, akaingia darasa la tatu. Aliketi dawati la nyuma, magoti yamemfika kifuani, akisuka kiondo kimyakimya. Alijua kengele inapokaribia kwa jinsi mwalimu wa zamu alivyokatiza uwanjani, akamziba mwanawe masikio kwa leso kabla haijalia. Watoto wa mtaa walimwimbia njiani:

"Cheki mathe amerudia darasa! Mathe, umefanya homuweki?"

"Nimefanya," aliwajibu. "Wewe je? Hebu nionyeshe daftari."

Wakatimua mbio. Mtaa mzima ukamcheka, na kicheko hicho kilimfika Maingi pia. Jioni alianza kupitia njia ya nyuma ili asikutane na watu wakamuuliza mkewe yuko darasa la ngapi sasa.

Muhula ulipokwisha, Mativo akawa wa kwanza kwa hesabu. Kelele zake zilikuwa zimepungua, na alikuwa amemwambia Lusweti "Habari" mara moja, akitazama dirisha. Nzilani alimpelekea mumewe habari hizo kama mtu anayebeba maji kwa viganja.

"Mm," Maingi akasema. Moyoni alifurahi, lakini aliona haya kufurahi, maana hakuwa amelipanda lile shamba.

Muhula uliofuata, katikati ya somo la hesabu, Nzilani aliinama juu ya kiondo chake, akaanguka. Lusweti alipomwinua, Mativo aliendelea kuandika. Alipomaliza hesabu ya mwisho akasema, "Mama, nimemaliza," akairudia mpaka Wangeci alipotoka kiwandani akaja kumchukua.

Matanga yakawekwa. Wenzake wa kiwandani walikuja jioni, wakaketi kwenye mabenchi nje. Mativo alikuwa mlangoni, anayumba mbele na nyuma, anasoma maandishi ya gunia la mchele. Abdiqadir akamtazama, kisha akaja akachutama mbele ya Maingi.

"Nisamehe, ndugu yangu. Yule mama aliniambia Baba Mativo, nami nikamfukuza. Ningejua, ungemkuta mkeo hai. Silali kwa ajili hiyo."

Maingi alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kusema ni mapenzi ya Mungu, na kila mtu angeitikia amina.

"Usiniombe radhi," akasema. "Hukukosea. Mimi ndimi niliyekuambia sina mtoto huyo." Akanyosha kidole mlangoni. "Huyu ni Mativo. Ni wangu. Ndiye wa kwanza."

Mmoja wa makarani akaitazama chai yake. Maingi alidhani maneno hayo yangempunguzia aibu, lakini yaliizidisha, kwa sababu sasa wote waliijua.

Kaka yake, Mutisya, alikuwa ameshapanga mambo. "Tukishazika, kijana abaki Kangundo kwangu. Mbuzi hawaulizi maswali. Wewe una kazi yako."

Lusweti alikuwa ameketi karibu, akasikia. "Dawati lake lipo," akasema. "Lakini mwalimu mkuu hajabadilisha sharti. Lazima mzazi aketi naye."

"Mwanamume mzima, karani, shemasi, aketi na watoto wa darasa la tatu?" Mutisya akacheka kidogo, kwa huruma. "Watu watasemaje?"

"Watasema walivyosema juu ya mama yake," Maingi akajibu. "Kiwandani kuna zamu ya usiku, hakuna karani anayeitaka. Nitaiomba. Mwalimu, Jumatatu tutakuja."

Walimzika Nzilani Kangundo siku ya Ijumaa, chini kidogo ya nyumba ya mama mkwe wake. Kulikuwa na jua, na vumbi jekundu. Mchungaji alisoma, na akina mama wa kanisa wakaimba. Mativo hakustahimili nyimbo, akaondoka mpaka kwenye ua wa minyaa, naye Maingi akaiacha safu ya wafiwa akaenda kusimama naye huko. Kwa hiyo jeneza lilipoteremshwa, mume hakuwa kando ya kaburi kutupa udongo wa kwanza kama ilivyo desturi. Wazee waliguna. Walingoja kidogo, kisha Mutisya akautupa badala yake.

Nyimbo zilipokwisha, baba na mwana walishuka pamoja. Wayua aliwapisha. Maingi akatupa udongo, na Mativo akatupa wa kwake, akajipangusa mikono kwenye kaptura. Vijana wakachukua sepetu wakajaza kaburi, wakalipiga juu likawa sawa, wakasimika msalaba wa mbao. Mchungaji akatoa baraka. Watu wakala wali na maharagwe, wakaagana, na lori la kurudi Nairobi likaondoka alasiri, Maingi na wanawe wawili wakiwamo.