Mvua ya Dukani kwa Mangi

Anifa ameuza miavuli kwenye kibaraza kimoja cha Kariakoo kwa miaka kumi na moja, na kwa miaka hiyo yote amekuwa mtu pekee mtaani anayefurahi wingu likitanda. Wenzake wanaouza viatu, sidiria na vyombo vya plastiki hulitazama wingu kama wanavyolitazama gari la mgambo. Yeye hulitazama kama mtu aliyeahidiwa mgeni.

Alikuja Dar kutoka Newala, mtoto wake Hafidhi akiwa bado mgongoni, kumfuata mumewe Anuari ambaye mpaka leo anachomelea vyuma katika karakana moja ya Gerezani. Alianza kwa kuuza maji ya kunywa, akahamia kwenye vitambaa vya mkononi, na siku moja ya masika, mvua ilipomkuta na mwavuli mmoja tu wa kwake mwenyewe, watu watatu walimwomba awauzie. Hapo akajua kazi yake ni ipi.

Kibaraza chenyewe si chake. Ni cha duka la TV la Gaudens, mwenyeji wa Rombo, ambaye mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, unamwita Mangi. Mapatano yao hayakuandikwa popote. Anifa anafagia kibaraza kila asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa, haweki mzigo mbele ya njia ya wateja, na mvua ikinyesha Mangi huchukua mwavuli wowote autakao bila kuuliza, kisha huurudisha ukikauka. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyemlalamikia mwenzake.

Mwezi Juni, Pius, muuzaji wa dukani humo, alileta gemu. Pius ana miaka thelathini na kidogo, mnyenyekevu kwa wakubwa na mbishi kwa wateja, na alikuwa amechoka kuonyesha mpira kwenye TV kubwa iliyo karibu na mlango. Alimweleza bosi wake kwamba mpira unauza TV kwa mtu aliyekwisha kuamua kununua. Mtu anayesitasita ndiye anayehitaji kuonyeshwa mvua. Matone ya mvua ni membamba na yanakwenda kasi, akasema, na TV mbovu huyachanganya yakawa kama moshi, lakini TV nzuri huonyesha kila tone na mahali linapoangukia. Gemu aliyoileta ilikuwa ya kuendesha magari katika mji usio na jina, wenye bahari upande mmoja na vilima upande mwingine. Hali ya hewa ndani yake ilibadilika yenyewe, bila kuagizwa na mtu.

Siku ya kwanza Pius alifanya kosa ambalo mtaa bado unalisimulia. Alipopata dhoruba nzuri, akaunganisha sauti kwenye spika mbili kubwa zilizosimama mlangoni. Radi ikapasuka. Ilikuwa saa sita mchana na jua lilikuwa limefichwa kidogo na kiwingu cha kupita, basi hakuna aliyeinua kichwa kuhakikisha. Wauzaji wa barabarani hutandika bidhaa juu ya turubai lenye kamba kwenye pembe nne, ili likitokea la kutokea wavute mara moja, kila kitu kiingie ndani kama unga kwenye mfuko. Mtaa mzima ulivuta. Mteja mmoja alibaki amesimama na kiatu cha mguu wa kushoto, cha kulia kikiwa kimekwisha kufungwa humo ndani pamoja na jozi mia moja. Anifa aliuza miavuli minne kabla watu hawajagundua kwamba hawakulowa.

Wawili walirudisha. Wauzaji wa barabarani nao walikuja dukani wakiwa kundi, na aliyewaongoza, mama mmoja wa sidiria aitwaye Severa, alimwambia Mangi kwamba akitaka kunyesha anyeshee ndani kwake. Mangi akaomba radhi. Tangu siku hiyo amri ikawa moja: mvua ruksa, sauti marufuku.

Kwa hiyo Anifa aliijua mvua ile kwa macho tu. Mwanzoni aliidharau, akiiita mvua ya uongo, lakini mtu anayekaa kwenye kigoda kutwa nzima miezi ya kiangazi, wateja wakiwa wale wachache wanaojikinga jua, lazima apate pa kutazama. Taratibu akaanza kuona mambo. Aliona kwamba barabara ya kwenye gemu haiwi nyeusi kwa mkupuo. Inaanza madoadoa, kama lami ya kweli. Aliona maji yakijikusanya kwenye mashimo na taa za maduka zikijiangalia humo, na gurudumu likipita, taa zinavunjikavunjika kisha zinarudi. Wipa zilifagia kioo na kuacha upinde safi, na nje ya upinde huo matone yalikaa yametulia mpaka gari liongeze mwendo, ndipo yalipoanza kukimbilia nyuma. Siku moja alimwambia Anuari wakati wa chakula kwamba waliotengeneza kitu kile ni watu walionyeshewa sana maishani. Anuari akasema kule karakana mvua ikinyesha wao huingia chini ya gari la mteja, na hajaona bado gemu ya hiyo.

Jambo lingine alilogundua hakumwambia mtu, kwa sababu aliona aibu kidogo mtu wa umri wake kufuatilia vitu vya vijana. Aligundua kwamba mvua ya kwenye gemu ina dalili zake.

Jumatatu moja ya Septemba, Mangi alitoka nje akasimama karibu na kigoda, mikono nyuma, akiangalia barabara. Alizungumza juu ya joto, akazungumza juu ya foleni, na Anifa akajua kuna neno linakuja. Mwishowe likaja. Duka lilikuwa linaanza kuuza mafriza, manne yangefika Ijumaa, na friza halionekani likikaa ndani nyuma ya TV. Kibaraza kilihitajika.

Anifa hakubisha. Alijibu kwamba amesikia. Lakini moyo wake ulishuka, maana vuli ilikuwa inakaribia, na miezi mitatu ya vuli ndiyo humlisha muuza miavuli kipindi chote cha jua kinachofuata. Kupata kibaraza kingine mwezi huo ilikuwa kama kutafuta kiti msibani baada ya watu kukaa. Anuari alimtafutia nafasi Gerezani, jirani na karakana yake. Ilikuwa nzuri, yenye paa, ila wanaopita pale ni watu wanaotafuta beringi, na mtu anayetafuta beringi hana habari na mvua.

Alhamisi, siku moja kabla ya mafriza, aliingia dukani mtu aitwaye Aaron. Alikuwa na kifua kipana na sauti ya chini, na alikuwa amevuka na gari lake kutoka Kigamboni asubuhi hiyo kwa kivuko cha Magogoni. Alikuwa anafungua ukumbi wa kuonyeshea mpira, na alitaka TV sita kubwa, zote za aina moja, kutoka duka moja. Mangi mwenyewe alisimama kumhudumia, akawasha mpira.

Aaron aliangalia kidogo, akapangusa jasho. Hilo lilikuwa duka la tano, akasema, na kote ameonyeshwa mpira uleule.

"Nyasi nimeziona tangu asubuhi," alisema. "Mpaka ng'ombe angeshiba."

Pius akachukua padi ya kuchezea, akafungua gemu na kueleza habari za matone. Aaron akakubali kungoja. Tatizo ni kwamba mji wa kwenye gemu ulikuwa na jua la kupendeza. Pius akaendesha kuelekea baharini, jua. Akapita katikati ya mji, jua. Akajaribu kupiga stori, na Aaron akaanza kuangalia saa yake, kwa maana foleni ya kivuko mchana haisubiri mtu. Mangi alisimama pembeni akitabasamu kwa meno ya mbele tu.

Anifa aliyaona yote hayo kupitia mlangoni. Aliwaza kunyamaza. Kesho si angeondoka? Wauze wasiuze, kwake ilikuwa sawasawa. Lakini gari la Pius lilipopita mbele ya kituo cha mafuta cha kwenye gemu, aliziona bendera ndogo juu ya paa lake, ile dalili yake ya kwanza. Zilikuwa zimegeuka. Zilikuwa zinaelekea vilimani, na waya wa umeme uliokuwa juu yake haukuwa na ndege hata mmoja.

Akaweka miavuli chini, akaingia ndani. Katika miaka kumi na moja alikuwa ameingia duka lile labda mara sita.

"Pius, geuza gari," alisema. "Rudi pale sheli, simama."

Mangi alimwambia kwa upole wenye makali kwamba wako na mteja. Pius akamtazama bosi wake, akamtazama Anifa, kisha akageuza gari.

"Baba," Anifa akamwambia Aaron, "usiangalie gari. Angalia zile bendera. Sasa hivi mwanga utakuwa kama chai ya rangi iliyopoa. Ukiona hivyo, ujue imefika."

"Wewe ndiye unayeinyeshesha?" Aaron akauliza.

"Mimi nauza miavuli. Lazima nijue inakuja lini."

Aaron akacheka, na alipokuwa anacheka mwanga ukabadilika. Ukawa wa kahawia, vivuli vya magari vikafutika barabarani. Tone la kwanza likaanguka kwenye kioo cha mbele, peke yake, likakaa. La pili. Anifa akamwonyesha lami ikipata madoa, akamwonyesha miti ya kando ikilala upande mmoja kabla maji hayajaifikia. Kisha dhoruba ikashuka yote kwa pamoja. Bango jekundu la sheli likaonekana kichwa chini katika dimbwi, likitetemeka kwa kila tone. Mfereji ukajaa, ukabeba mfuko wa nailoni ukiuzungusha. Umeme ukapiga, na kwa muda wa kupepesa jicho vilima vyote vikaonekana vyeupe, nyumba moja moja, kisha giza likavirudia. Hakuna tone lililochanganyika na jingine.

Mangi alikuwa amesahau kutabasamu. Alikuwa anaangalia. Mkono wake ukaenda kwenye rimoti, na yeye mwenyewe, aliyetoa amri, akafungua sauti.

Radi ikapasuka dukani. Nje mtu mmoja akavuta turubai, sauti ya Severa ikasikika ikilitaja jina la Mangi pamoja na maneno mengine. Aaron naye akageuka ghafla, akaenda mlangoni kwa hatua ndefu, akamwita mlinzi wa magari ng'ambo ya barabara.

"Ndugu yangu, nipandishie kioo cha nyuma, viti vitalowa!"

Mlinzi alimtazama. Jua la saa saba lilikuwa linachoma mtaa mzima, na mlinzi mwenyewe alikuwa ameketi chini ya kipande cha boksi ili asiungue. Aaron alisimama hapo mlangoni akilitazama anga la buluu lisilo na kitu. Halafu akaanza kucheka, akashika fremu ya mlango ili asianguke, na mlinzi akacheka, na Pius akacheka kwa kujificha nyuma ya TV.

Aliporudi ndani alikuwa anafuta macho. Akasema zifungwe sita, za aina ileile, na gemu yenyewe aandikiwe jina lake kwenye karatasi. Kisha akamwonyesha Anifa kwa kidevu, akamuuliza Mangi kama huyu mama naye ni muuzaji wao.

Anifa alikuwa ameshaanza kutoka, kwa sababu mteja alikuwa anapekua miavuli yake, lakini alipunguza mwendo ili asikie.

"Huyu," Mangi akasema, "ni wa hapa."

Hakusema zaidi, na jioni hakumwita wala hakuongeza neno. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi Anifa alifagia kibaraza kama kawaida, akafunga miavuli yake yote mafungu mawili kwa kamba, akakaa juu ya moja kungoja lori. Lori lilikuja saa nne. Wapakuzi waliingiza friza la kwanza ndani, la pili ndani, la tatu likapita mlangoni kwa taabu baada ya TV mbili kuhamishwa. La nne halikuingia. Mangi akalizunguka, akapima kwa mkono, akawaamuru waliweke kibarazani, kwenye pembe.

"Mama Hafidhi, sogea kidogo," alisema. "Ukibaki na nafasi ya mkono mmoja, itakutosha?"

Anifa alisogea. Akafungua mafungu, akapanga miavuli ya wanawake juu ya kifuniko cha friza, ile ya maua mbele, na ile mirefu ya wanaume akaining'iniza kwenye mpini wake. Mangi aliangalia friza lake jipya lililogeuka meza, akaingia ndani.

Vuli ilianza wiki ya tatu ya Oktoba. Ilimkuta Anifa amegeukia dukani akiangalia bendera za sheli ya kwenye gemu, na tone la kwanza, la kweli, likampiga shingoni. Mtaa ukavuta maturubai yake. Watu wakakimbilia kibarazani, na kwa robo saa Anifa hakupata nafasi hata ya kufuta uso. Mangi akatoka, akapitisha mkono kati ya wateja, akachukua mwavuli mweusi bila kuuliza, akaenda zake upande wa Posta.

Pius akachungulia mlangoni na padi yake mkononi, akauliza itachukua muda gani hii.

Anifa akaliangalia anga, upande huu na upande ule.

"Hii ya kwetu siijui," alisema. "Niletee kiti, tuione."